Kihispania cha Namuria wa Kanamkemer

Ukifika Kanamkemer ukauliza kwa Namuria, watakuuliza, "Namuria gani?" maana wako wengi. Sema, "Yule wa Kihispania," na hata mtoto wa chekechea atakufikisha. Anakaa nyuma ya duka langu, mlango wa bati wa buluu. Mimi ndiye Awoi, jirani yake wa miaka ishirini na sita, muuza sukari, tumbaku na samaki wakavu wa Kalokol. Nasema mapema ili ujue kwamba sikusimuliwa, nilikuwepo. Na pale nilipokosea nitasema nilikosea, ingawa usitarajie nipige magoti.

Usidhani Namuria ni msomi. Aliacha shule darasa la tatu, mbuzi wa baba yake walipokosa wa kuwachunga. Kiswahili chake ni hiki chetu cha Lodwar, ambacho mwalimu yeyote angekipiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kufua mashuka na kusaidia akina mama wanaojifungua katika zahanati ndogo ya masista kule Nawoitorong. Mikono yake ni mikubwa, sauti yake ni ndogo, na akishaamua jambo, heri umzuie punda asirudi nyumbani.

Aliyemfundisha kazi ya uzazi ni Sista Ines. Huyu alitoka Uhispania mwaka wa ukame mkubwa, nywele zake zikiwa bado nyeusi, akakaa hapa miaka arobaini. Nusu ya watu unaowaona mjini Lodwar wakiendesha pikipiki na kugombea udiwani walidakwa na mikono yake. Mwanangu wa pili ni mmoja wao, na kwa jinsi alivyo mkorofi, nimewahi kumwambia Sista angemrudisha alikotoka.

Sasa, sisi Waturkana tuna desturi moja ambayo wageni huiona ukosefu wa adabu. Tunaomba. Ukimtembelea rafiki unamwambia, nipe tumbaku, nipe hizo shanga, nipe mbuzi. Si njaa inayosema. Kumwomba mtu ni kumwambia wewe ni wangu, na asiyekuomba kitu ni mpita njia tu. Rafiki wa kweli akiomba, hanyimwi. Sista Ines mwaka wa kwanza alifunga mlango akalia, kwa sababu kila aliyekuja kumsalimia aliondoka akitaka sufuria. Baadaye akaelewa. Akawa anapewa salamu yetu ya "ejok" mlangoni, anaombwa kitambaa cha kichwa, anakivua anacheka. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuomba. Miaka arobaini yote, hata chumvi hakuwahi kuniazima. Jambo hilo hatukuliona. Tuliona tu kwamba anatoa.

Namuria alipewa zaidi yetu sote. Alipomzaa Lokaale, mtoto wake wa kwanza, damu ilikataa kusimama, na damu ya kumwongeza haikupatikana. Sista alilala kwenye benchi kando ya kitanda chake, akanyoosha mkono, mpira ukatoka kwake ukaingia kwa Namuria. Ilipokwisha, aliinuka akiyumba kama mlevi, akaenda kumwogesha mtoto. Kwa Kiturkana huna neno la kumlipa mtu wa namna hiyo. Unabaki naye tu, unafua mashuka yake, siku zinakwenda.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, Sista Ines akaanguka karibu na kabati la dawa. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukapinda. Hayo tuliyategemea. Kilichotuvunja nguvu ni kwamba lugha zake zilimtoka. Kiturkana chake, alichokisema mpaka wachungaji wa Lokichoggio wakauliza baba yake ni wa ukoo gani, kilifutika. Kiswahili nacho kikaenda. Kikabaki Kihispania peke yake, tena cha vipande vipande. Masista wenzake walikuwa wawili wa Meru na mmoja wa India, na kati yao hakuna aliyejua hata salamu. Padri Ekwam alimwekea simu mdomoni, ile ya kutafsiri. Simu ikaandika mambo ya treni na vitunguu. Wakawapigia watu wa shirika lake kule Uhispania waongee naye. Aliposikia sauti zao alilia, akaisukuma simu ikaanguka chini. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena.

Halafu ikaja barua. Mkuu wa shirika lao katika nchi zetu hizi, Sista Achan, Mwacholi kutoka Uganda, aliandika kwamba atakuja mwisho wa Juni kuamua. Sista Ines atabaki Lodwar, au atarudishwa Uhispania, kwenye nyumba ya masista wazee karibu na kijiji cha kaka yake. Alieleza wazi kwamba hawezi kumwacha mgonjwa mahali ambapo hakuna anayemwelewa.

Mji ulichemka. Sista Ines ni wetu! Si alisema mwenyewe, kwenye sherehe ya miaka yake thelathini, mbele ya watu wote, kwamba atazikwa hapa? Mimi nilikuwepo, nilimsikia, na nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Akina mama wa Nawoitorong walikula kiapo kwamba ndege ikija watalala uwanjani.

Namuria hakuapa. Alikuja dukani, akakaa juu ya gunia la sukari, jambo ninalolichukia.

"Awoi," akasema, "wanasema hakuna mtu anaelewa yeye."

"Si kweli? Wewe unaelewa?"

"Bado. Lakini mtu akielewa yeye, hawawezi kumchukua. Hiyo Kihispania inafundishwa wapi?"

Nilicheka. Namuomba Mungu anisamehe kicheko kile. Nilimuuliza kama anataka kwenda kuwauzia Wahispania makaa. Akaendelea kukaa juu ya sukari yangu. Ndipo nikamkumbuka Chol.

Kila Jumamosi napeleka samaki Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa sababu watu wa Sudan Kusini hawasumbui kuhusu samaki mkavu. Wananusa, wananunua. Chol alikuwa mteja wangu, Mdinka mrefu wa miaka hamsini na kitu, daktari wa mbuzi asiye na zahanati wala cheti kinachotambulika. Serikali haikumjua, lakini mbuzi walimjua. Kila mara alinichosha na hadithi za kisiwa cha Kuba. Alipelekwa huko na vita akiwa na miaka kumi na mbili, yeye na watoto wengine mamia, akasoma, akakata miwa, akasomea tiba ya mifugo, akarudi mtu mzima kwenye nchi aliyokuwa ameisahau. Nilidhani anatunga. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huenda zake zilikuwa za kweli.

Jumamosi hiyo Namuria alipanda gari pamoja na samaki.

"Kihispania?" Chol aliketi chini kwenye kivuli cha turubai. "Ya mama. Hii lugha imelala ndani yangu miaka mingi. Hakuna mtu ya kuongea nayo. Saa ingine naongea na mbuzi."

"Wanajibu?" nikauliza.

"Wanajibu kuliko watu ya ofisi."

Alipoulizwa anataka nini kama malipo, alikasirika. Alisema malipo ni kwamba kila Jumamosi mtu atamwambia *buenos días*, yaani habari ya asubuhi, na yeye atajibu. Niliona macho yake yamelowa, nikajifanya napanga samaki.

Somo la kwanza lilikuwa balaa. Chol alitoa daftari, akachora mistari, akaandika maneno kwenye vyumba vidogo: mimi, wewe, yeye, sisi, wao. Namuria aliangalia zile herufi kama mtu anayeangalia nyayo za mnyama asiyemjua. Saa nzima hakuna kilichoingia. Akaanza kutokwa jasho, na Chol akaanza kukuna kichwa, na mimi nikaanza kuhesabu safari hii imenipotezea wateja wangapi.

Akatokea mzee mmoja wa Kiturkana akivuta beberu mwenye macho ya usaha. Chol akamshika, akamuuliza mwenye mbuzi jina lake, aandike. Namuria akajibu kabla ya mzee. "Hiyo ni mbuzi ya watu wa kina Adome, wa upande wa Lokichoggio. Si unaona sikio?"

Maana sisi hukata masikio ya mbuzi. Kila nyumba ina alama yake: huyu hukata ncha, huyu hutoboa, huyu huchana pembeni mara mbili. Mtoto wa miaka sita akiwa amesimama mbali atakwambia mbuzi ni wa nani kwa kuona sikio tu.

Chol alimwacha yule beberu, akamgeukia Namuria taratibu. "Mama," akasema, "kumbe wewe unajua hii kitu tangu zamani."

Akalitupa daftari pembeni. Akamwambia kila kitenzi cha Kihispania ni mbuzi. *Tomar* ni kunywa. Mwili wake ni *tom*, haubadiliki. Sikio ndilo linalosema mwenyewe ni nani. Likikatwa hivi, *tomo*, ni mbuzi wangu, ninakunywa mimi. *Tomas*, ni wako wewe. *Toma*, ni wa yule. *Tomamos*, ni wetu sote. *Toman*, ni wa wale kule. Chukua mbuzi mwingine, *hablar*, kusema. Mwili tofauti, masikio yale yale.

Namuria alifumba macho. Akasema kwa sauti yake ndogo, "*Hablo, hablas, habla*," akaenda mpaka mwisho bila kujikwaa. Kisha akauliza, "Na ile ya kwenda?"

Chol akacheka mpaka beberu akashtuka. "Hiyo ya kwenda ni mbuzi ya wizi. Wameikata sikio na mwili yote. Hata mama yake haijui. *Voy, vas, va*. Hiyo shika kichwani tu, usiulize."

"Ziko nyingi, za wizi?"

"Mama, zile mbuzi zinatumika kila siku ndizo zinaibwa sana."

Tangu siku hiyo Namuria alikuwa na zizi lake kichwani. Kila Jumamosi alirudi na vitenzi vipya, na katikati ya wiki aliwachunga akifua. Anachovya shuka, *tengo*, ninacho. Anasugua, *tienes*. Anakamua, *tiene*. Watu waliopita Nawoitorong walidhani amepatwa na pepo. Majina ya vitu aliyachukua kidogo kidogo: maji, mto wa kulalia, mgongo, maumivu, mwanga, baridi, mlango. Dukani kwangu aligusa kila kitu akikitaja, mpaka wateja wangu wakajua sukari ni *azúcar*. Nilimtania, lakini Jumatano na Alhamisi nilijikuta namsubiri nimsikilize. Kuna raha kumwona mtu mzima akijifunza. Ni kama kuona mtu akichimba kisima peke yake kwenye mchanga wa lugga, mto uliokauka, na wewe umesimama juu unasema hakuna maji, halafu unaona mchanga unaanza kulowa.

Katikati ya Mei akaona ametosha. Aliingia chumbani kwa Sista Ines na bilauri, mimi nikiwa nyuma na sahani ya uji kama kisingizio. Sista alikuwa amelala akitazama ukuta. Namuria akainama, akamuuliza kama ana kiu. Ila alikuwa amefundishwa na mtu wa Kuba, na watu wa Kuba humeza mwisho wa maneno, nusu ya herufi hazifiki nje.

Sista aligeuka. Akamtazama Namuria, mwanamke wa Kiturkana, shanga mpaka kidevuni, akizungumza kama mkata miwa wa Havana. Uso ule uliopinda ukaanza kutetemeka. Niliogopa ni kiharusi cha pili. Kumbe ni kicheko. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, akamgusa Namuria shavuni kwa mkono wake mzima, akasema, "*Cubana!*" Kisha akasema, "*Sí. Agua.*" Akanywa bilauri yote.

Nitakwambia kitu ambacho kilimpa kila mtu aibu. Siku ya tatu Sista alimwonyesha kiuno na kusema panauma. Walipomgeuza vizuri walikuta kidonda kinachochimba ndani, alichokuwa akikilalamikia kwa wiki kadhaa kwa lugha ambayo hakuna aliyeisikia. Kilisafishwa, kikapona. Namshukuru Mungu kwa kidonda kile, kwa sababu baada yake hakuna aliyemcheka tena Namuria, mimi nikiwa wa kwanza kuacha.

Na siku moja alimshukuru. Alijiandaa wiki mbili na Chol. Alimwambia Sista, asante kwa damu. *Gracias por la sangre.* Ilimchukua Sista muda kukumbuka. Kisha akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada, pengo dogo, kama mtu anayeeleza chumvi ya kutia kwenye mboga. "*Poca*," akasema. Ilikuwa kidogo. Namuria aliondoka chumbani akaenda kulia kwenye kamba ya mashuka.

Wiki mbili kabla ya Sista Achan kufika, Namuria alikuja dukani mchana wa jua kali, hakukaa juu ya sukari. Alisimama.

"Amesema kitu," akaniambia. "Alisema jana, nikafikiri sikusikia mzuri. Leo nimeuliza tena. Anataka kwenda kwa ndugu yake."

"Ndugu yupi?"

"Julián."

Jina hilo lilijulikana mjini mzima. Ni huyo Julián ambaye kila Krismasi alituma kifurushi cha peremende ngumu na soksi za sufu, soksi za sufu Lodwar! Tulizivaa vichwani watoto wakacheka. Tulijua ni kaka yake Sista, mzee kuliko yeye, anaishi peke yake na mipea yake, miti ya matunda.

"Nimepima kila neno," Namuria akasema. "Nimeangalia sikio. *Quiero*, ni yake mwenyewe, si ya mtu mwingine. *Quiero ir con mi hermano.* Halafu amejifunika uso na mkono. Anaona aibu, Awoi. Kwa sababu alituahidi."

Hapa ndipo nilipokosea. Nilifunga mlango wa duka nikamwambia anyamaze. Siri ya mtungi aijuaye kata, nikamwambia, na kata ni wewe peke yako. Nani mwingine atajua? Mgonjwa anasema mengi. Kesho atasema anataka kwenda mwezini, nako utampeleka? Ulijifunza lugha hii ili abaki, si ili aondoke. Nilisema haya kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa hofu. Sikuweza kuiwazia Nawoitorong bila yule mwanamke. Namuria alinunua kwangu tumbaku ya kutafuna, ambayo hatafuni, akaenda.

Jumamosi alimweleza Chol. Nilikuwepo, nikitumaini atanisaidia. Chol aliendelea kumkata mbuzi kwato.

"Kule Kuba," mwishowe akasema, "walimu walinipenda sana. Kweli kabisa. Walinipa kiatu, chakula, shule. Miaka ya kwanza nilikuwa nasema nataka kwenda kwa mama yangu. Walikuwa wananibeba, wanasema, hapa ni nyumbani sasa. Hawakuwa watu mbaya. Mimi nashukuru wao mpaka leo." Akageuza kwato la pili. "Lakini hakuna mtu aliandika mahali kwamba huyu mtoto amesema anataka kwenda kwa mama. Mama alikufa kabla nirudi. Kalas, imeisha."

Njiani kurudi Lodwar, kilomita zote zile, Namuria hakutaja kitenzi hata kimoja.

Sista Achan alifika Ijumaa ya mwisho ya Juni. Tulijaa kwenye ukumbi wa masista, akina mama na shanga zao zote, Padri Ekwam, watu wa parokia. Sista Ines aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amevalishwa vizuri. Mmoja baada ya mwingine wakasimama kusema ni wetu, abaki, alisema azikwe hapa. Sista Achan aliandika yote. Kisha akasema, "Nimesikia kuna mama anaelewa lugha yake. Naomba amuulize mwenyewe anataka nini."

Namuria akapiga magoti kando ya kiti, akauliza.

Sista Ines akatuangalia. Alianzia safu ya mbele akaenda mpaka mlangoni, uso kwa uso, watu aliowazalisha na watoto wa watu aliowazalisha. Machozi yakamtoka. Hakusema kitu. Akainamisha kichwa.

Mama mmoja akapiga kigelegele. "Mmeona? Amekataa kuenda!" Wengine wakadakia, na mimi, naomba nisamehewe, ulimi wangu ulikuwa tayari umeinuka. Namuria alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Abaki pale chini, anyamaze, na Sista angekuwa wetu mpaka kufa.

Akainuka. "Hapana," akasema. "Mimi amenieleza mara tatu. Anataka kwenda kwa Julián. Hapa hawezi kusema kwa sababu anatupenda."

Sikuwahi kusikia akina mama wakimgeukia mtu vile. Mwongo! Amepewa nini? Amefundishwa na Mdinka wa kambini, anajua nini huyu? Mmoja alimvuta shanga, uzi ukakatika, shanga zikamwagika sakafuni. Namuria hakuziokota.

"Ngojeni," akasema, na ile sauti ndogo haikuongezeka hata kidogo, ikabidi tunyamaze ili tumsikie. "Sisi tumeomba huyu mama miaka arobaini. Mimi nimeomba damu. Wewe umeomba sufuria, wewe umeomba dawa, Awoi ameomba mpaka kitambaa ya kichwa. Yeye ameomba nani kitu? Nani hapa aliwahi kuombwa na Sista? Mtu ambaye haombi, si tunasema ni mgeni? Tumemwacha mgeni miaka arobaini."

Akamgeukia Sista, akamwambia neno moja la Kihispania, "*Pide.*" Omba. Kisha akalirudia kwa Kiturkana ili sote tusikie anachosema.

Sista Ines akainua kichwa. Ilimchukua muda, mdomo ukitafuta njia. "*Quiero ir*," akasema, "*con Julián.*" Na hapo hatukuhitaji mtafsiri, kwa sababu jina hilo tulilivaa vichwani kila Krismasi.

Nilimwona Sista Achan ameshika kalamu hewani. Nilijua mtu atasimama aseme ni ugonjwa, kama nilivyosema mimi kule dukani nikiwa nimefunga mlango. Miguu yangu ikaniinua kabla sijaamua.

"Ameomba," nikasema. "Rafiki akiomba, hanyimwi. Apewe."

Nilikaa haraka. Lakini mama yule aliyemkata Namuria shanga akasema polepole, "Apewe," na mwingine, na mwingine, mpaka likawa linazunguka ukumbini. Tulikuwa tukimpa mtu kitu kilichokuwa chake mwenyewe. Baadaye tulipiga magoti wote tukaokota shanga za Namuria, moja moja, mpaka chini ya viti.

Aliondoka Julai, kwa ndege ya asubuhi kutoka uwanja wetu wa Lodwar. Hakuna aliyelala uwanjani kuizuia. Akina mama waliimba, na Sista alituomba vitu! Aliomba kwa kidole, akicheka: fimbo ya huyu, kibuyu cha yule, leso yangu mpya kabisa. Nilimpa. Ndege ilipopaa alikuwa ameelemewa na mali kama bibi harusi.

Wengine walidhani Kihispania cha Namuria kingeishia hapo. Lakini kila Jumapili simu ililia, na Julián alikuwa akiishika mbele ya uso wa dada yake, na wawili hao wakaongea kuhusu mipea, mvua na nani amezaa. Namuria aliendelea kwenda Kakuma. Chol alimwongezea vitenzi vya jana na vya kesho, masikio mapya kwa mbuzi wale wale. Mimi pia nikapata vyangu viwili vitatu, lakini usiniulize, ni vya kununulia na kuuzia.

Mwezi wa Novemba simu ililia siku ya Jumanne, saa sita mchana, wakati Namuria ananisaidia kufunga samaki. Siku hiyo si yao. Alikuwa Julián, na alikuwa anaongea haraka, na nilimwona Namuria akifumba macho kama siku ile ya kwanza chini ya turubai. Sista amepata kiharusi kingine, akanieleza. Kihispania kimemtoka. Tangu jana anasema maneno ambayo hakuna mtu nyumbani anayeyajua, si masista, si daktari, si kaka yake. Anayarudia na kuyarudia. Wanadhani ni kelele za ugonjwa tu. Mzee wa watu alikuwa analia.

Namuria akamwambia aweke simu mdomoni pa Sista. Tukasikia kitanda, tukasikia pumzi, kisha sauti ya Sista Ines, nyembamba, lakini safi kama ya mtu aliyezaliwa Lokichoggio.

"*Ngakipi*," alikuwa akisema. "*Ngakipi.*"

Namuria akaniangalia. Mimi Mturkana niliyekuwa nimesimama na samaki mkononi nilielewa, na watu wote wa Kanamkemer wangeelewa, ila hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kumwambia Julián. Ila mmoja.

"*Agua, Julián*," Namuria akasema. "*Quiere agua.*" Anataka maji.

Tukasikia kiti kikisukumwa na miguu ya mzee ikikimbia. Tukasikia maji yakimiminwa. Kisha tukasikia akinywa, na tukakaa na simu katikati yetu mpaka akamaliza.